Safina ya maboksi: Idi ya watoto wetu Buswelu



Tunawaandikia kutoka Buswelu, Mwanza, kwenye nyumba yenye majiko mawili na watoto sita. Sisi ni mtu na wifi yake, wote wa Unguja. Kazi za waume zetu ndizo zilizotuleta bara, na mifuko ya waume zetu ndiyo inayotuzuia kurudi kwetu kila Idi. Nauli ya watu kumi kwenda na kurudi, basi mpaka Dar es Salaam kisha boti, inakula ada ya muhula mzima. Basi tunabaki.

Kubaki nako si jambo jepesi. Aliyekulia Unguja anajua Idi ya mtoto ilivyo. Unavaa nguo mpya, unazunguka kwa majamaa kupewa mkono wa Idi, na alasiri unashikwa mkono kupelekwa sikukuu, Mnazi Mmoja au Kariakoo, kwenye bembea na urojo na vikorokoro vya kuchezea. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo, mpaka ya nne. Huku Buswelu sala ya Idi inasaliwa, alhamdulillah, na pilau linapikwa. Lakini ikishafika saa nane mchana mtaa unaendelea na mambo yake. Bodaboda zinapita, genge liko wazi, na watoto wetu wamekaa barazani na nguo zao mpya, hawana pa kwenda kuzionyesha.

Mwaka juzi binti yetu wa miaka saba alisema neno lililotuchoma. "Wenzetu wana Krismasi na besdei. Sisi tuna pilau tu."

Nyumbani kwetu hatufanyi besdei. Bibi yao hapendi, na sisi tumeshika hivyo, wala hatuandiki haya kumhukumu anayefanya. Lakini ukimwambia mtoto "hiki si chetu", lazima umwonyeshe kilicho chake, nacho kimpendeze machoni. Tukaamua kuwa Idi el-Fitr inayofuata watoto watafanyiwa sherehe yao hapa uani, sherehe yenye jambo moja litakaloizunguka yote, kuanzia kadi za mialiko mpaka vitu vya kula. Na kila kitu tutakitengeneza kwa mikono yetu.

Wote wakataka meli

Tuliwauliza watoto wanataka sherehe ya nini. Mdogo kabisa alisema paka. Watano waliobaki walisema meli.

Hatukushangaa. Mtoto wa Mwanza anaziona meli kama mtoto wa Forodhani anavyoziona jahazi. Wa kwetu walikuwa wamemezwa na habari za MV Mwanza tangu iliposhushwa majini Februari 2023. Yule wa miaka kumi ana hesabu zake kichwani: urefu mita 92.6, abiria 1,200, mizigo tani 400. Anaweza kukutajia hata ukiwa msalani.

Bibi alikuwa amekuja kufunga Ramadhani nasi. Ni mama wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine. Alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Watoto walipopiga kelele "meli, meli", aliweka ungo chini, akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Tulijua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku kumi hivi baada ya Idi, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Mdogo wake Bibi alikuwemo. Alikuja Unguja kula Idi nasi na alikuwa anarudi kwa wanawe. Wako waliozikwa, na wako wasioonekana mpaka leo. Yeye ni katika wasioonekana. Tangu hapo Bibi hupanda chombo pale tu asipokuwa na njia nyingine, na akipanda hufumba macho na kushika tasbihi mpaka afike.

Siku hiyo hiyo mmoja wetu alikwenda kwa jirani yetu wa mlango wa pili kuazima sufuria kubwa. Jirani huyu ni Mhaya, Mkristo, mtu wa makamo. Akauliza sufuria ni ya shughuli gani, akaelezwa, na habari ya Bibi kujifungia nayo ikamtoka msemaji. Jirani alinyamaza kidogo. Kisha akasema kaka yake alikuwa kwenye MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Kila mwezi wa tano huwa anakwenda makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa siku ile.

Tumekaa naye miaka minne, tunaombana chumvi na makaa, na hatukujua.

"Iwe ile iliyofika"

Usiku ule tulibishana sisi kwa sisi, jikoni, kwa sauti ya chini. Mmoja wetu alitaka tubadilishe, tufanye sherehe ya bustani na maua, yaishe. Mwingine akasema watoto hawa tutawapandisha boti maisha yao yote, kwenda kwao Unguja, pengine hata kwenda Ukerewe na shule. Tukiificha bahari leo, kesho tutawaficha nini? Hatukukubaliana. Tukalala.

Siku ya tatu, baada ya tarawehe, Bibi mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Hiyo meli yenu ishafika wapi?"

Tukamwambia tumeiacha.

"Msiwavunje moyo watoto. Lakini kama ni chombo, basi iwe ile iliyofika."

Hatukumwelewa mpaka alipotutajia safina ya Nabii Nuhu, amani iwe juu yake. Hapo ndipo tulipoona kuwa ametupa zaidi ya tulichokuwa tunatafuta. Safina ina meli kwa wale watano na ina paka kwa yule mdogo. Na watoto wa majirani zetu, ambao wengi ni Wakristo, wanamjua Nuhu kama sisi tunavyomjua, hata jina ni lile lile. Hakuna ambaye angekaa pembeni.

Bibi alitoa na sharti. Hapandi mtoto bila jaketi okozi. Jirani naye tulipompelekea habari akatoa la kwake, kwamba abiria wahesabiwe, waandikwe daftarini, na chombo kikijaa kimejaa. "Hilo daftari nipeni mimi," akasema.

Tulivyoitengeneza

Wenzetu mtakaotaka kujaribu, haya ndiyo tuliyoyafanya.

Kwanza vipimo. Tuliwaambia watoto waipime safina kwa dhiraa, yaani kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, kama wazee walivyopima. Ugomvi ukazuka papo hapo, maana dhiraa ya mtoto wa miaka kumi si sawa na ya mtoto wa miaka saba. Wakakubaliana kutumia mkono mmoja tu: urefu dhiraa 10, upana dhiraa 4. Kijana wa jirani, anayekwenda mafundisho ya Jumapili, akasema Biblia inataja urefu wa dhiraa 300. Yule mpenda meli wetu akashika kalamu. Dhiraa moja ya mtu mzima ni kama sentimita 45, kwa hiyo mita 135. Akakaa kimya, kisha akasema kwa huzuni, "Imeishinda MV Mwanza."

Pili maboksi. Tuliomba duka la jumla, tukapata 14 bure, na boksi moja la friji ambalo ndilo lililotoa ubavu wote wa chombo. Gundi tulipika wenyewe, uji mzito wa unga wa ngano wenye chumvi kidogo ili usiingiwe na wadudu haraka. Tulibandika tabaka mbili na kushona viungo kwa kamba ya katani na sindano ya magunia. Gundi peke yake haishiki boksi zito.

Tatu, na hili limetugharimu, msiache kazi yenu nje. Ni majira ya masika. Usiku wa kuamkia siku ya mwezi kuandama ilinyesha mvua na ubavu mmoja wa safina ukalowa ukawa kama mkate kwenye chai. Watoto walilia. Tukaukata, tukasimamisha fito tatu mahali pake na kufunga kanga mbili kuukuu. Ulipendeza kuliko ule wa boksi. Kama tungerudia, tungefanya kanga pande zote.

Nne, wanyama. Tulifikiria vinyago vya uso, kisha tukaacha. Wako wazazi wasiopenda sura kuchorwa, na watoto wadogo huwa wanatolewa pumzi na kinyago. Tukatengeneza masikio kwenye utepe wa kichwani, na mikia ya vitambaa. Masikio na mkia vinatosha, mtoto anamalizia mwenyewe kwa sauti. Tulikuwa na twiga, tembo, simba, nyumbu, paka na bata, na kima punju wa msitu wa Jozani, ambaye watoto wa Buswelu walikuwa hawajamsikia.

Wala hakuna aliyeigiza Nabii. Hatukumchora, hatukumvisha mtu nguo zake. Kisa kilisimuliwa tu.

Tano, na tungependa mlishike hili kuliko yote, wanyama walikuja wawili wawili. Kadi tulizikata vipande viwili vinavyoingiana, kipande kimoja kwa mtoto wetu au rafiki yake, kipande cha pili kwa mtoto wa jirani. Ukifika unatafuta mwenzako. Watoto 18, jozi tisa. Sherehe nyingi tunazozijua kuna mtoto anayekaa ukutani na soda yake mpaka aje kuchukuliwa. Humu hakuwamo.

Bibi alishona majaketi sita kwa kanga ya rangi ya machungwa na sponji za godoro kuukuu. Sita tu, kwa sababu jirani alishapanda ndani ya safina, akaipima kwa macho, akaandika juu ya daftari: "Abiria 6."

Fedha ilivyokwenda

Fundi wa mapambo tuliyemuuliza bei alitutajia laki na nusu kwa maputo na kitambaa tu, bila chakula. Sisi tulitumia hivi: mchele kilo 4 shilingi 10,000, nyama 15,000, unga wa ngano 4,000, sukari 6,000, mafuta 6,000, nazi tatu 4,500 (nazi huku ni ghali kwa sababu inasafiri kutoka pwani kama sisi), tambi 3,000, ukwaju na barafu 4,000, karatasi za rangi na kamba 6,000. Jumla 58,500. Pilau, tambi za sukari, kaimati, na visheti vilivyokatwa mfano wa samaki. Jirani alileta sufuria yetu ikiwa imejaa ndizi na maharage, akasema haziazimwi sufuria zikarudishwa tupu, ingawa sufuria ilikuwa ya kwake.

Siku yenyewe

Saa tisa alasiri watoto walikuwa wamekaa mkekani chini ya mwembe, masikio yamesimama. Bibi akasimulia. Akawaambia Nabii Nuhu alivyokaa na watu wake miaka 950 akiwalingania, walivyomcheka akijenga chombo mbali na maji, wanyama walivyoingia wawili wawili, na mwanawe mmoja alivyokataa kupanda akidhani mlima utamwokoa.

Kijana wa jirani akanyoosha mkono. "Bibi, kwetu watoto wake wote watatu walipanda."

Tukatazamana sisi. Bibi akacheka. "Alhamdulillah kwa kila aliyepanda," akasema, akaendelea.

Kisha binti yetu, yule wa "pilau tu", akauliza swali ambalo hatukulitegemea. "Bibi, na bibi mdogo je? Yeye alikataa nini?"

Uwanja mzima ulinyamaza, au labda ni sisi tuliosikia hivyo. Hatukuwa tumewahi kumsimulia. Watoto husikia kupitia milangoni.

Bibi hakuingia chumbani. Akamvuta mtoto karibu. "Hakukataa kitu, mwanangu. Yeye alipanda. Alipanda kwa amani, akirudi kwa watoto wake. Kuzama kwake si adhabu. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ametufundisha kuwa muumini anayekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi." Kisha akageuka kumtazama jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari lake. "Na kaka yako, mama, naye alipanda akitaka kufika."

Jirani hakujibu. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akasema kwa sauti ya bandarini, "Abiria wa safari ya kwanza, jozi tatu, majaketi!"

Basi ikawa hivyo. Mtoto anavaa jaketi, jirani anaandika, anahesabu kwa kidole, sita, safina inaondoka. Waliokaa ndani wanatikisa, walio nje wanapunga kanga za buluu kuwa mawimbi. Wanafika mlimani, ambao ni mfuko wa saruji na jiwe la kufulia, wanashuka, wanapewa kaimati. Mtoto mmoja wa pili wetu alitaka kujiingiza awe wa saba, akalia, akabembeleza. Jirani alimwambia tu, "Safari ya pili, baba." Hakumwonea huruma hata kidogo, na sisi tulimpenda kwa hilo.

Safari ya tatu ilipokuwa inajaa, tulimwona mtoto langoni. Alikuwa na sinia la karanga kichwani, miaka tisa hivi, anatazama. Hatumjui kwao. Jozi zote zilikuwa zimetimia, watoto 18, masikio yamekwisha. Mmoja wetu alikwenda kumtilia pilau kwenye sahani, tukadhani hilo linatosha.

Bibi akamwita. "Wewe, weka sinia hapo. Mwenzako yuko wapi?"

"Sina."

"Basi ni mimi."

Binti yetu alivua masikio yake ya paka akampa. Jirani akatazama daftari, akatazama safina yenye watu sita, akatikisa kichwa. "Imejaa. Safari ya nne."

Wakasubiri, Bibi na yule mtoto, wameshikana mikono kama watu wa kituoni. Zamu yao ilipofika Bibi alivaa jaketi alilolishona mwenyewe, halikumfunga, tukalifunga kwa mtandio. Akainua mguu, akasema Bismillah, akaingia. Watoto walitikisa mawimbi kwa nguvu zao zote. Tulimtazama usoni kwa sababu tulijua huwa anafumba macho.

Hakufumba.

Jirani aliandika: "Safari ya nne. Abiria 2. Wamefika."

Daftari hilo tunalo, tumeliweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Safina yenyewe ililowa juma lililofuata na tukaitumia kuwashia jiko. Yule mtoto wa karanga siku hizi hupita Ijumaa, na karanga zake tunanunua. Mwezi wa tano, jirani alipokwenda Igoma, Bibi alikuwa ameshaondoka. Lakini kabla ya kuondoka alituachia agizo tumsindikize. Tulikwenda, sisi wawili, tukasimama nyuma yake akisali kwa namna yake, nasi tukaomba kwa namna yetu.

Kwa hiyo shoga zetu, mkipanga sherehe ya watoto, msikimbilie kwanza dukani. Anzeni kwa wazee waliomo ndani, hata yule aliyeingia chumbani na kufunga mlango. Mpeni siku tatu. Huenda yeye ndiye mwenye mada.

Allah awarehemu waliokwenda na maji, wa baharini na wa ziwani, awape subira waliobaki, na awafikishe salama wote walio safarini. Amin.